Vyuma Arobaini vya Namayembe

Dar es Salaam,
5 Februari 2024

Sista Romana, shikamoo.

Mimi ni Kidawa Nassibu, yule binti aliyekuja kwenu mwezi uliopita na Profesa Sixbert, tukashinda siku mbili tukifunga vyuma kwenye wodi ya wazazi. Natumaini hujambo, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua umetulia.

Nimeona niandike kwa mkono. Ulisema mtandao Namayembe hupatikana kwa kupanda hadi kanisani, tena kwa kuinua simu juu. Kwa kuwa boksi la baridi litasafiri kila Alhamisi, Kondo akilishusha kwa bodaboda hadi Tingi kwenye barabara kuu na basi likilileta huku, barua nayo ipande humo humo.

Narudia maelezo ya kazi, maana siku ile tulikuwa na haraka. Vyuma ni arobaini: vishikio vya vitanda, vitasa vya milango, koki za maji na sinia za mizani ya watoto. Vyote vimepakwa ngozi nyembamba kwa plazma, na kwa macho vinafanana. Lakini ishirini vina punje za fedha ndani ya ngozi hiyo, na ishirini havina. Fedha huua bakteria. Vipi vinayo, mimi sijui na wewe hujui. Orodha iko ndani ya bahasha aliyoifunga Profesa. Kila Alhamisi pangusa kila chuma kwa kijiti cha pamba, tia kijiti kwenye kichupa chenye namba yake, funga, tuma. Sisi tutaotesha bakteria na kuhesabu.

Usafi wenu wa kila siku uendelee kama kawaida.

Wako,
Kidawa


Kituo cha Afya Namayembe, Kilwa,
8 Februari 2024

Kidawa mwanangu, marahaba.

Mgongo upo na mimi nipo, tunavumiliana. Boksi hilo, vichupa arobaini, nimehesabu mara mbili.

Sasa nikuulize kitu na usinicheke. Umeandika plazma. Mimi ni muuguzi mwaka wa ishirini na mbili huu, na plazma ninayoijua ni yale maji ya damu yanayobaki ukishatoa chembe zake. Nilipoisoma barua nikavitazama vitanda vyangu nikasema, Yesu na Maria, hawa watoto wa chuo wamenipakia wodi damu za watu! Nieleze upesi kabla sijaanza kuulizwa na wengine.

Na mimi nikueleze nisilolisema mbele ya Profesa. Mwaka jana mwezi wa kumi, watoto wachanga watatu waliugua ndani ya siku tisa. Homa, kukataa kunyonya. Wawili walipona. Wa Veronika hakupona. Nilimpokea mimi kwa mikono hii, kilo tatu na robo, alilia vizuri kabisa. Wakaguzi wakaja, wakapima, wakakuta vimelea kwenye koki na kwenye vishikio. Wametupa mpaka mwisho wa Juni. Wakirudi wakakuta hali ile ile, wodi ya wazazi inafungwa, na kina mama wa milima hii yote watateremka hadi barabara kuu kujifungua. Njia yetu umeiona wakati wa jua. Masika hata Kondo huishuka pikipiki akaisukuma.

Kwa hiyo pamba zako kwangu si mchezo.

Romana Klementi,
Muuguzi Mkunga


Dar es Salaam,
12 Februari 2024

Sista, shikamoo.

Nimecheka, nisamehe. Nimecheka mpaka Mzee Yassin, fundi wetu wa maabara, akaja kuuliza kulikoni. Nikamsomea, naye akalazimika kukaa chini.

Hakuna damu, wallahi. Neno ni moja, vitu ni viwili. Plazma yangu ni hewa iliyowashwa kwa umeme. Unaiona kila siku: ule mwanga ndani ya tyubulaiti ndiyo plazma. Sisi tuna pipa la chuma tulilolichomelea wenyewe. Tunaweka kitasa ndani, tunanyonya hewa karibu yote, kisha tunapitisha umeme katika hiyo kidogo iliyobaki. Inawaka rangi ya zambarau. Kwanza inakigongagonga kitasa na kukisafisha kuliko sabuni yoyote. Halafu tunaingiza mvuke maalumu, unaganda juu ya chuma kama kioo chembamba, na wakati huo huo plazma inabandua punje kutoka kwenye kipande cha fedha safi na kuzipandikiza ndani ya kioo hicho. Fedha peke yake ingefutika mapema. Kioo peke yake hakiui kitu. Vikishikana, fedha inatoka kidogo kidogo, na bakteria akitua anaikuta inamsubiri. Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka sita.

Pole sana kwa mtoto wa Veronika. Mama yangu kule Kilangala alizaa watoto saba, tuko wanne. Watatu walikwenda kabla ya arobaini zao, na hakuna aliyewahi kutuambia walikufa kwa nini. Profesa alitaka tufanye majaribio haya kwenye hospitali kubwa ya mjini. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania yafanyike kijijini. Yakishindwa, yatakuwa yameshindwa kwa ubishi wangu, na nitaulizwa mimi.

Wako,
Kidawa


Namayembe,
29 Februari 2024

Kidawa mwanangu,

Umeniponya na damu, umeniingiza kwenye jingine. Nilimweleza mhudumu wetu kwamba vyuma vina fedha. Naye akasimulia kisimani. Kufika Jumapili kijiji kizima kinajua kwamba Namayembe kuna vitanda vya fedha. Juzi namkuta Mzee Optatus, mtu mzima na kofia yake, amepiga goti mbele ya mlango wa wodi, anakwangua kitasa namba 17 kwa kisu cha kubangulia korosho.

"Mzee, unafanya nini?"

"Naangalia tu, Sista. Nasikia mnazo humu."

"Zipo, lakini ndogo hazionekani."

"Sasa fedha isiyoonekana inamsaidia nani?"

Nikainama nikakikagua kitasa. Alichokwangua ni kidogo, upana wa ukucha. Nimeona nikuambie usije ukashangaa na namba 17.

Wazazi watano wiki hii, wote wamerudi nyumbani salama. Boksi hilo.

Romana


Dar es Salaam,
18 Machi 2024

Sista, shikamoo.

Leo ni saumu yangu ya saba, na joto la huku linanitoa jasho ambalo sina maji ya kulirudishia. Hata hivyo nimekaa nikuandikie, maana kuna jambo linanisumbua kwa uzuri wake.

Sahani zenu ni safi mno. Zote arobaini. Kwenye sahani ya jeli bakteria huota kama madoa, na kwa wodi yenye watu natarajia baadhi zijae madoa na baadhi ziwe na machache. Zenu hazina kitu, au zina doa moja, mawili. Mzee Yassin anasema hajawahi kuona wodi ya namna hii hata huku mjini. Je, pamba unazichukua saa ngapi? Na usafi unafanyika kabla au baada?

Bahasha tutaifungua baada ya Idi. Moyo wangu unadunda, Sista. Niombee kwa njia yako, nami niko kwenye njia yangu.

Kidawa


Namayembe,
4 Aprili 2024

Kidawa,

Pasaka imepita salama, ingawa mvua ilitunyeshea mpaka ndani ya kanisa. Pamba nachukua asubuhi. Wodi ikiwa safi si ndiyo hilo tunalolitaka? Nakutakia mwisho mwema wa mfungo.

Boksi hilo.

Romana


Dar es Salaam,
22 Aprili 2024

Sista Romana, shikamoo.

Bahasha imefunguliwa. Wiki kumi na moja, vijiti mia nne na arobaini. Vyenye fedha na visivyo na fedha ni sawasawa. Hakuna tofauti hata chembe.

Nilizirudia hesabu mara tatu. Halafu nikaenda kusimama mbele ya jopo la chuo linalokagua utafiti wetu, nikasema kwa mdomo wangu kwamba ngozi niliyoitengeneza haina faida ndani ya wodi halisi, na kwamba naomba radhi kwa kuwasumbua. Profesa Sixbert hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Tutavifungua vile vyuma, Kidawa, tuwarudishie watu vyao."

Kwa hiyo mwezi ujao nitakuja kuvifungua. Wewe hukukosa kitu. Umefanya kazi safi kuliko kituo chochote nilichowahi kusikia. Mimi ndiye niliyekosea mahali fulani katika miaka hii sita, na sijui ni wapi.

Asante kwa kila Alhamisi.

Kidawa


Namayembe,
25 Aprili 2024

Kidawa mwanangu,

Boksi hili halina vichupa. Lina barua tu, na kichwa kinaniwaka tangu barua yako ifike. Isome ukiwa umekaa.

Hukukosea. Nimekosea mimi, tena kwa kujua.

Kila Alhamisi, kabla hakujapambazuka vizuri, nilikuwa naingia wodini na ndoo, jiki na stiliwaya. Nilivisugua vyuma vyote arobaini, kimoja kimoja, kama mtu anayesugua sufuria ya ugali ulioungua. Nikasuuza, nikakausha kwa kitambaa kilichochemshwa. Halafu ndipo nikachukua pamba zako. Wiki zote kumi na moja. Uliponiuliza saa ngapi nikakujibu asubuhi, na ilikuwa kweli asubuhi, lakini nilijua unachouliza.

Sikutaka kuiharibu kazi yako. Niliogopa. Nilizitazama zile pamba nikaona ni wakaguzi wamerudi kwa mlango mwingine. Nikasema, msichana huyu ataandika namba, namba zitapelekwa kwa wakubwa, wataona Namayembe kuna uchafu, hawatangoja Juni. Na tangu mtoto wa Veronika, mtu akinitajia neno uchafu naitafuta ndoo. Nilitaka mahali fulani duniani kuwe na karatasi inayosema wodi ya Romana ni safi.

Kumbe karatasi hiyo ndiyo iliyokusimamisha wewe mbele za watu ukaomba radhi.

Mwambie Profesa. Liambie jopo. Andika jina langu lote. Nami nimekwisha mwambia daktari wetu mfawidhi.

Romana Klementi


Dar es Salaam,
29 Aprili 2024

Sista Romana,

Nimeipata barua yako.

Wiki kumi na moja! Nilikuuliza mwezi wa tatu. Nilikuuliza waziwazi. Ningekuwa nimeokoa wiki sita, ningekuwa sikusimama pale. Unajua mmoja wa wale wazee wa jopo aliniambia nini? "Binti, pengine kazi ya maabara si kila mtu aliumbiwa." Na namba zilikuwa upande wake.

Jiki na stiliwaya! Chochote kilichokuwa juu ya vyuma vile sasa kimekwenda na maji ya ndoo. Hata nikitaka kuanza upya sina cha kuanzia.

Sina zaidi la kuandika.

Kidawa Nassibu


Dar es Salaam,
6 Mei 2024

Sista wangu, shikamoo.

Nasikia barabara imekatika na mabasi yamerudi. Barua yangu ya wiki iliyopita sijui iko wapi. Natamani iwe imesombwa na maji. Kama itakufika, naomba uisome kama maneno ya mtu aliyeumia, si ya mtu aliyefikiri.

Nimefikiri sasa. Nilikuja kwenu kwa siku mbili, nikafunga vyuma, nikakuachia vichupa. Sikukaa na wewe hata nusu saa kukueleza zile namba zinakwenda wapi. Ulikwisha niandikia habari ya Veronika, ukaniambia wakaguzi wamekupa mpaka Juni, na mimi nikakujibu habari za pipa langu. Namba zile hazikupimi wewe, Sista. Uchafu ndio ninaouhitaji. Wodi isiyo na bakteria haiwezi kunionyesha kama fedha inawaua. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ya kwanza.

Nimemwambia Profesa yote, na jopo limearifiwa. Profesa akasema, "Ana ujasiri, huyo muuguzi. Mpe nafasi." Tumepewa wiki tano. Sitarajii mengi, sitaki kukudanganya. Baada ya jiki ile yote, sidhani kama kuna ngozi iliyobaki. Lakini vyuma bado vimefungwa, basi tujaribu.

Safari hii usafi wa asubuhi ufanyike kama siku zote, kisha watu watumie wodi. Pamba uchukue saa nane mchana, kabla ya usafi wa jioni. Usifute kwanza. Niletee wodi ilivyo. Anayehesabu ni Mzee Yassin, ambaye hajaiona orodha.

Nisamehe, Sista. Mimi nimekwisha kukusamehe.

Kidawa wako


Namayembe,
16 Mei 2024

Kidawa mwanangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja, ndani ya mfuko mmoja wa nailoni, zimelowa pembeni. Kwa bahati niliifungua ya tarehe sita kwanza. Ile nyingine niliisoma baadaye nikiwa tayari nimekwisha kulia, kwa hiyo haikupata pa kuniumizia. Huyo mzee wa jopo nitamtafuta siku moja nimwone sura.

Leo saa nane nimechukua pamba. Kulikuwa na wazazi wawili, ndugu zao, na bibi mmoja anayeshika kila kitu anapopita. Nilisimama mbele ya koki namba 4, nikaiona alama ya kidole juu yake, kitambaa kiko begani kwangu. Mwanangu, mkono ulikwenda wenyewe. Nikamwita mhudumu nikamwambia, "Chukua kitambaa hiki, nenda nacho jikoni, usirudi mpaka nikuite." Ndivyo nilivyofanya kazi.

Vichupa arobaini hivyo. Ndani yake kuna uchafu wangu wote. Nimemkabidhi Kondo nikiwa kama namkabidhi nguo zangu za ndani azipeleke Dar.

Romana


Dar es Salaam,
18 Juni 2024

SISTA ROMANA!

Shikamoo, na Idi njema iliyopita, na keti chini!

Sikuandika wiki zote hizi, nilituma vichupa vitupu tu, kwa sababu tulikubaliana na Profesa tusitazame mpaka zitimie tano. Jana ilikuwa Idi, nikala pilau bila kujua ninakula nini. Leo asubuhi Mzee Yassin amekaa na karatasi zake, Profesa amekaa na orodha, mimi nimesimama kwa sababu nilishindwa kukaa.

Mzee Yassin anasoma: "Namba moja, zimejaa, hazihesabiki."

Profesa: "Haina fedha."

"Namba mbili, madoa matatu."

"Ina fedha."

"Namba tatu, sifuri."

"Ina fedha."

"Namba nne, hazihesabiki."

"Haina."

Wakaendelea hivyo mpaka arobaini, wiki moja baada ya nyingine. Kufika namba ishirini na kitu Mzee Yassin akawa anasoma huku anatabasamu, na yeye orodha hajaiona! Vyuma visivyo na fedha vilijaa madoa kama nyota kwenye anga la kiangazi. Vyenye fedha, kilichozidi wenzake kwa wingi kilikuwa na madoa saba. Vishikio, vitasa, koki, sinia, vyote. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Kidawa, hii ni kazi." Halafu akatoka nje. Mzee Yassin ananiambia alikwenda kufuta macho.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata wewe hujalifikiria. Swali kubwa tulilokuwa tukiulizwa siku zote na wanunuzi wa vifaa vya hospitali ni hili: ngozi hii itadumu? Ikisuguliwa? Ikipigwa dawa kali? Nilikuwa nimepanga kulijibu kwa mwaka mzima, kwa mashine. Sista, wewe umeipiga jiki na stiliwaya kwa wiki kumi na moja, kwa nguvu ya hofu, na bado inaua bakteria! Plazma ilikisafisha chuma sawasawa kabla ya kupaka, ndiyo maana ngozi imekishika namna hiyo. Hakuna maabara ambayo ingethubutu kuitesa hivyo. Nililia mwezi wa nne kwamba umeniharibia kazi, kumbe ulikuwa unanifanyia mtihani mgumu kuliko wote.

Namba 17 haina fedha. Mwambie Mzee Optatus alikwangua bure.

Alhamisi hii naja mwenyewe na vyuma ishirini vyenye fedha, kuvitoa vile visivyonayo. Wakaguzi wakija mwisho wa mwezi watakuta vyote arobaini vina fedha. Usafi lakini usipungue. Fedha haifagii wala haiondoi damu; inalinda zile saa kati ya usafi na usafi.

Nakukumbatia,
Kidawa


Namayembe,
27 Juni 2024

Kidawa mwanangu,

Ulipoondoka Ijumaa uliacha kanga yako kwenye kiti, nimeifua, iko ndani ya boksi. Sasa habari.

Wakaguzi wamekuja jana, wawili, bila taarifa. Mkubwa wao anaitwa Bwana Nikodemu, mtu mrefu, haongei. Wameanza stoo, wakaenda maabara, wakaingia wodini saa tano. Ndiyo kwanza wanatoa vijiti vyao, mlango unafunguliwa, anaingizwa Lightness, binti wa mwalimu, mimba ya kwanza, mtoto yuko njiani kabisa.

Nikawaambia, "Tokeni."

Bwana Nikodemu akasema, "Sista, hatujamaliza."

"Mtamaliza mtoto akishatoka. Hapa sasa hivi ni mimi na huyu."

Wakatoka. Lightness alikuwa jasiri ingawa alinitukana mimi, mume wake na kijiji kizima. Alivishika vishikio vya kitanda kwa mikono miwili mpaka kitanda kikasogea. Saa sita na robo mtoto wa kiume akatoka, akalia mpaka nje wakapiga vigelegele. Nikampima, nikamweka kifuani kwa mama yake. Nikageuka kuchukua ndoo nianze usafi.

Bwana Nikodemu amesimama mlangoni. "Sista, usiguse. Tunachukua sasa hivi, kabla hujafuta."

Mwanangu, vishikio vile vimetoka kukamatwa na mikono ya jasho saa nzima. Koki nimeifungua na kuifunga mara ishirini. Kama kuna wakati ambao sikutaka mtu achukue pamba kwenye wodi yangu ni ule. Nikaiweka ndoo chini, nikarudi nyuma hatua mbili, nikasema, "Chukueni. Anzeni na ile koki, ndiyo iliyoshikwa zaidi."

Akaniangalia. Nadhani hajawahi kuambiwa hivyo na mtu. Akachukua pote, hakuacha kitu, mpaka sinia ya mizani ambayo mtoto ametoka kulala juu yake.

Majibu watayaleta baada ya wiki mbili. Siogopi. Naandika hivyo halafu naisoma tena kuona kama ni kweli, na ni kweli.

Romana


Namayembe,
11 Julai 2024

Kidawa! Barua ya wakaguzi imefika leo asubuhi. Wodi inabaki wazi. Kondo ananisubiri na pikipiki inaunguruma, nitaandika vizuri nikitulia. INABAKI WAZI. Nimempelekea Veronika habari mwenyewe kwa miguu. Tumeshikana mikono mlangoni kwake.

R.


Dar es Salaam,
22 Julai 2024

Sista wangu, shikamoo.

Nimeinakili barua yako ile fupi na kuibandika ukutani juu ya pipa la plazma. Mzee Yassin anaisoma kila asubuhi kwa sauti, pamoja na herufi kubwa.

Nina mambo mawili. La kwanza, andiko letu limekubaliwa kuchapishwa. Majina ni manne: langu, lako, la Mzee Yassin, la Profesa. Lako ni la pili. Sehemu ya kusuguliwa kwa jiki tumeiandika kama ilivyotokea, bila kuficha wala kupamba, kama ulivyotaka. Yule mzee wa jopo aliisoma yote, akaja ofisini kwangu, akasema alikosea kuniambia alivyoniambia. Nikamwagizia chai.

La pili, tumeombwa kupaka vyuma vya wodi za wazazi katika vituo sita, Rondo na Kilangala. Kilangala, Sista! Kwetu! Nilimpigia simu mama. Akaniuliza, "Hata pale nilipowazaa wenzenu?" Nikamwambia hata pale. Akasema alhamdulillah mara tatu, akakata simu, kwa sababu mama yangu hapendi kulia watu wakimsikia.

Pipa tulilonalo halitoshi. Tumeanza kuchomelea jingine, kubwa mara nne.

Ila wauguzi wa vituo hivyo wanahitaji kufundishwa kuchukua pamba. Profesa ameuliza nani awafundishe, na mimi na Mzee Yassin tukataja jina moja kwa wakati mmoja. Utakubali?

Kidawa


Rondo,
29 Agosti 2024

Kidawa mwanangu, marahaba, na pole kwa kuchomelea.

Nakuandikia nimekaa kwenye kibaraza cha kituo, baridi ya huku juu imenilazimisha kuvaa sweta mchana. Wauguzi ni kumi na wawili, wawili kutoka kila kituo. Wengi wangekuwa wanangu. Walipoambiwa mwalimu ametoka Namayembe na jina lake limo kwenye andiko la kisayansi, wakakaa wima kama wako kwenye mtihani.

Nikaona nikianza na vichupa na namba, nitawaacha pale pale uliponiacha mimi. Nikafunga daftari. Nikawaambia, "Kabla sijawafundisha kitu, nataka mjue kwamba mimi niliwahi kudanganya."

Nikawasimulia yote. Mtoto wa Veronika, wakaguzi, ndoo ya alfajiri, stiliwaya. Barua yako ya mwezi wa nne. Muuguzi mmoja wa Kilangala, Stella, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Sista, wiki kumi na moja ulikuwa unafuta halafu unapima?"

"Wiki kumi na moja."

"Na hukufukuzwa?"

"Niliandikiwa barua mbili. Kwa bahati nikaisoma ya pili kwanza."

Wakacheka, na walipoanza kucheka nikajua wameelewa. Kisha Stella akasema taratibu, bila kunitazama, kwamba na yeye hufanya hivyo hivyo wakaguzi wakikaribia. Mwenzake akasema hata kwao. Wakasema mmoja baada ya mwingine, wote kumi na wawili, kila mtu na ndoo yake. Miaka yote hii, Kidawa, milima yote hii, kila mmoja akidhani wodi chafu ni yake peke yake.

Saa nane tukaingia wodini. Kulikuwa na wazazi watatu na ndugu zao, na koki imejaa alama za vidole. Nikawapa vijiti. Vitambaa vilikuwa vimening'inia kwenye kamba pale dirishani, vikavu, safi, karibu na mkono wa kila mtu. Wakapita mbele ya vitambaa vile wote kumi na wawili, wakaenda moja kwa moja kwenye vyuma, na hakuna hata mmoja aliyegusa kitambaa.

Romana Klementi